Ruta au seva: kazi ipi ikae wapi katika mtandao wa ofisi ndogo

Ofisi yenye watu kati ya watano na thelathini hufikia hatua hii bila kupanga. Ruta ipo ukutani, ama imeletwa na kampuni ya intaneti ama imenunuliwa dukani. Pembeni kuna kompyuta ambayo imeanza kuitwa seva kwa sababu mafaili ya wote yamo humo. Siku fundi anapokuja kuongeza printa, au kumfungulia bosi njia ya kuingia ofisini akiwa nyumbani, swali linajitokeza: kazi hii naiweka kwenye ruta au kwenye seva? Ukiuliza mafundi watatu utapata majibu matatu, na kila jibu litakuwa na hoja, kwa kuwa kila fundi anaifikiria ofisi aliyoizoea.

Ofisi ninazozifikiria hapa ni za wahasibu, mawakili, zahanati, shule binafsi na wauzaji wa jumla katika miji yetu, ambako umeme hukatika bila taarifa na fundi huja akiitwa tu. Kama nyaraka zenu zote zinakaa kwenye huduma kama Google Workspace au Microsoft 365, na hakuna programu ya uhasibu au ya wagonjwa inayokaa ofisini, huenda hamhitaji seva kabisa. Nunueni ruta nzuri, mgogoro umekwisha. Makala haya ni ya wale wenye kitu cha kuhifadhi ndani.

## Kazi zenyewe

Zipo kazi zisizo na ubishi. NAT, yaani kuzipitisha anwani zote za ndani kwa kutumia anwani moja ya nje, hufanywa na kifaa kilicho mlangoni, yaani kinachounganisha ofisi na intaneti. Anwani za ndani zilitengwa tangu 1996: zile zinazoanza na 10, zile za 172.16 hadi 172.31, na zile za 192.168. Mafaili ya ofisi, kwa upande wake, ni ya seva. Najua ruta nyingi zina tundu la USB, na inavutia kuchomeka diski hapo na kumaliza kazi. Lakini kichakataji cha ruta ni kidogo, baadhi ya ruta za zamani hushirikisha mafaili kwa SMB (lugha ya kompyuta kushirikishana mafaili) toleo la 1 ambalo halifai tena kutumika, na diski yenye mfumo wa FAT32 haipokei faili lenye ukubwa wa GB 4. Nyumbani sawa, ofisini hapana.

Ubishi upo katikati. Kuna DHCP, inayogawa anwani kwa kila kompyuta na simu inayojiunga. Kuna DNS, inayogeuza majina kuwa anwani. Kuna VPN, njia salama ya kumpitisha mfanyakazi aliye mbali hadi ndani ya mtandao wa ofisi, kuna fayawoli, inayoamua kipi kipite na kipi kizuiwe, na kuna orodha ya watumiaji na nywila zao.

Kanuni moja inashika mipango yote nitakayoieleza, kwa hiyo naitanguliza: ndani ya mtandao mmoja, kila kazi iwe na mwenyewe mmoja. Ruta na seva zikigawa anwani kwa pamoja, kompyuta inachukua ya yule aliyewahi kujibu. Asubuhi printa inaonekana, mchana haionekani, na kila mtu analaumu printa. Hali hii hutokea sana pale ruta inaporudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani: DHCP iliyokuwa imezimwa inajiwasha, na seva nayo inaendelea na ugawaji wake.

## Vipimo vitano

Kila mpango nitaupima kwa mambo haya haya.

La kwanza ni kuzima: kifaa kimoja kikifa leo saa nne asubuhi, nani anaendelea kufanya kazi na nani anakaa? La pili ni umeme: kipi kinabaki hai wakati wa giza, na kwa gharama gani. La tatu ni ulinzi. La nne ni matunzo, maana yake nani atasasisha programu na kurekebisha hitilafu, na ana ujuzi gani. La tano ni gharama, ya kuanzia na ya kuendelea.

Kipimo cha kwanza nakipa uzito kuliko vingine. Ofisi ndogo haina kifaa cha akiba cha kila kitu, na hasara yake kubwa haitokani na mtandao wa polepole. Inatokana na siku nzima ya watu kumi na wawili kukaa wakisubiri fundi.

## Mpango wa kwanza: ruta ibebe mtandao wote, seva ibaki ghala

Hapa ruta inagawa anwani, inajibu DNS, inasimamia fayawoli, inapokea VPN na inatenganisha waifai ya wageni na ya wafanyakazi. Seva inahifadhi mafaili, programu ya uhasibu na nakala rudufu, basi. Kwa mtandao, seva ni mteja kama kompyuta nyingine. Tofauti yake ni kwamba imetengewa anwani ya kudumu.

Kuzima. Huu ndio uzuri wake mkuu. Seva ikifa, mafaili hayapatikani, lakini barua pepe, benki mtandaoni, mifumo ya kodi na simu za intaneti zinaendelea. Ruta ikifa, kila kitu kinasimama, ila dawa yake ni nyepesi: nakala ya mipangilio iliyohifadhiwa kwenye faili, na ruta ya pili ya aina ile ile kabatini. Kubadilisha ruta ni kazi ya nusu saa. Kubadilisha seva ni kazi ya siku.

Umeme. Ruta ndogo hutumia takribani wati 5 hadi 15, na UPS (vifaa vya betri za akiba) ndogo za volti 12 zinazouzwa kwa ajili ya ruta huweza kuibeba kwa saa kadhaa. Giza likiingia, seva inajizima kwa utaratibu, na wenye laptopu wanaendelea na kazi. Hakikisha tu kwamba kifaa cha faiba na swichi ya mtandao navyo vina chanzo hicho hicho cha umeme. Ofisi nyingi huiwekea UPS ruta peke yake halafu zinashangaa intaneti haipo.

Ulinzi. Mlango ni mmoja na sheria zake ziko sehemu moja. Lakini msidanganyike kwamba ruta ni salama kwa kuwa ni kisanduku kidogo. Mei 2018 iligundulika programu hasidi iliyoitwa VPNFilter, iliyokuwa imeingia kwenye ruta na vifaa vya kuhifadhia data visivyopungua 500,000 katika nchi 54 hivi. Mwaka huo huo MikroTik walitoa marekebisho ya udhaifu katika Winbox, programu ya kusimamia ruta zao, na ruta ambazo hazikusasishwa ziliendelea kuvamiwa miezi kadhaa baadaye. Poti (namba ya mlango wa huduma) ya usimamizi isifunguliwe kamwe kwa upande wa intaneti. Na kuna tundu jingine linalosahaulika: ukiiruhusu ruta ijibu DNS bila kuziba poti 53, ambayo ni ya DNS, upande wa nje, inageuka chombo cha kushambulia wengine, na kasi yenu inaliwa na trafiki msiyoijua.

Matunzo. Mepesi, kwa sharti kwamba ruta ni ya kweli. Ruta ya bure kutoka kampuni ya intaneti mara nyingi haina VPN, haitenganishi mitandao, na wakati mwingine kampuni huibadilisha mipangilio kutoka kwao. Mpango huu ukitumia ruta ya namna hiyo unakuwa dhaifu kuliko yote mitatu. Tumieni ruta yenu wenyewe, na ile ya kampuni iwekwe katika hali ya daraja (ipitishe tu mawasiliano) ikiwezekana, ili NAT isifanyike mara mbili.

Gharama. Ya chini. Kinachokosekana ni majina ya ndani yaliyopangika vizuri na usimamizi wa watumiaji mahali pamoja. Kila kompyuta inabaki na nywila zake. Mtu akiacha kazi, unazunguka mezani moja baada ya nyingine.

Mpango huu unawafaa watu wasiozidi kumi na tano hivi, wasio na fundi wa kudumu.

## Mpango wa pili: ruta mlangoni, seva iongoze ndani

Ruta inabaki na NAT, fayawoli na kubadilisha kati ya laini mbili za intaneti, tuseme faiba na laini ya simu ya akiba. Seva inachukua DHCP, DNS, watumiaji, mafaili, na pengine VPN. Ndivyo ofisi nyingi zenye Windows Server hujengwa, na hata Samba, programu ya kazi hiyo kwenye Linux, inaweza kuongoza domeni, yaani kundi la kompyuta na watumiaji linalosimamiwa mahali pamoja, tangu toleo la 4.0 la Desemba 2012.

Kuzima. Hapa ndipo lazima uelewe tofauti kati ya DHCP na DNS, kwa sababu zikikosekana haziumizi kwa namna moja. Kompyuta iliyopewa anwani inaishika kwa muda maalumu. Windows Server, usipobadilisha chochote, hutoa siku 8, na kompyuta huanza kuomba upya nusu ya muda inapofika. Kwa hiyo seva ikilala siku moja, kompyuta nyingi zitaendelea na anwani zao. Anayeumia ni aliyeingia leo kwa mara ya kwanza: Windows yake itajipachika anwani inayoanza na 169.254 na haitafika popote. Ukiona namba hizo, jua DHCP haikujibu.

DNS haina huruma hiyo. Seva ikizima, majina yanaacha kujibiwa papo hapo, na ofisi nzima itakwambia intaneti imekatika wakati laini ni nzima kabisa. Wengi hukimbilia suluhisho linaloonekana la akili: kuweka seva kama DNS ya kwanza na ruta, au 8.8.8.8 (DNS ya Google), kama ya pili. Kwenye domeni ya Windows hili ni kosa. Kompyuta haiitumii ya pili kwa dharura tu kama tunavyodhani. Ikichelewa kujibiwa inahamia huko na inaweza kubaki huko. Ya nje haijui jina la seva yenu, inajibu kwamba jina hilo halipo, na mtumiaji anashindwa kuingia kwenye mafaili huku kila kitu kikionekana kuwaka. Kompyuta za domeni zielekezwe kwa seva ya domeni peke yake. Mkitaka akiba, akiba halisi ni seva ya pili ya domeni.

Umeme. Kompyuta ya mezani inayotumia wati 60 mfululizo inakula takribani uniti 43 kwa mwezi. Ruta ya wati 10 inakula uniti 7. Uniti peke yake zinavumilika. Uzito uko kwenye UPS: katika mpango huu seva lazima ibaki hai kila wakati ruta ilipo hai, vinginevyo UPS ya ruta haina maana. Ingieni kwenye BIOS (mipangilio ya msingi) ya seva na kuweka ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Mpangilio huo mmoja unaokoa safari nyingi za fundi Jumatatu asubuhi.

Kuna jambo la saa pia. Kuingia kwenye domeni kunategemea Kerberos, utaratibu wa kuthibitisha watumiaji, ambao kwa kawaida hauvumilii tofauti ya saa inayozidi dakika 5. Seva yenye betri ya ubao mama iliyokufa, umeme ukikatika na kurudi, inaamka na tarehe ya zamani, na watu wanakataliwa nywila zilizo sahihi.

Ulinzi. Faida ni kubwa kwa upande wa watumiaji: unamfungia mtu mara moja, anafungiwa kila mahali, na unaweza kuona nani amefungua folda gani. Kwa zahanati au wakili hili si la hiari tena. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Hatari ni kwamba seva hii ikivamiwa, imevamiwa ofisi. WannaCry, programu hasidi ya Mei 2017, ilisambaa kupitia SMB toleo la 1, ilhali Microsoft walikuwa wametoa marekebisho Machi, miezi miwili nyuma. Poti 445 (ya SMB) na 3389 (ya kuingia Windows kwa mbali) zisionekane kutoka intaneti hata kwa siku moja ya majaribio.

Matunzo. Yanahitaji mtu. Si lazima awe wa kuajiriwa, lakini awe anayejua domeni, anayekuja kwa ratiba, na aliyeandika alichokifanya. Seva ya domeni ambayo nywila yake kuu anaijua fundi aliyehama mji ni mzigo mzito kuliko kutokuwa nayo.

Gharama. Ya juu kwa Windows, kwa kuwa juu ya leseni ya seva kuna leseni za watumiaji. Toleo la Essentials la Windows Server halihitaji leseni hizo za watumiaji na linaishia watumiaji 25 na vifaa 50, jambo linaloendana na ofisi nyingi ndogo. Baadhi hujaribu kuokoa kwa kutumia Windows 11 Pro kama seva ya mafaili. Inafanya kazi, ila inakubali miunganisho 20 tu kwa wakati mmoja, na haiwezi kuongoza domeni.

Mpango huu unawafaa watu kumi na tano na kuendelea, au wachache zaidi wanaoshika siri za wengine. Waifai ya wageni iachieni ruta iigawie anwani yenyewe hata hapa. Mgeni hana sababu ya kuizungumzisha seva yenu, na kanuni ya mwenyewe mmoja haivunjiki, kwa kuwa huo ni mtandao mwingine.

## Mpango wa tatu: kompyuta ndiyo ruta

Unachukua kompyuta yenye kadi mbili za mtandao, unaiweka OPNsense au pfSense, mifumo ya kugeuza kompyuta kuwa ruta, na inakuwa mlango, fayawoli, DHCP, DNS na VPN. Kifaa cha kampuni kinabaki cha kuleta faiba tu, na waifai inarushwa na vifaa vyake. Wengine huenda mbali zaidi: kompyuta moja yenye Proxmox, mfumo wa kuendesha kompyuta kadhaa za kiprogramu ndani ya moja, na humo ruta na seva ya mafaili pamoja, kila moja ikiwa mashine pepe.

Kuzima. Ikiwa kompyuta ya ruta ni tofauti na seva, hali ni kama mpango wa kwanza, isipokuwa kifaa cha akiba ni kikubwa na ghali kidogo. Ikiwa vyote vimo kwenye sanduku moja, ukifa umeme wa ndani wa sanduku hilo, umepoteza mafaili, intaneti na njia ya kuingia kurekebisha, kwa pigo moja. Hata kusasisha tu kunamaanisha kuwasimamisha watu wote. Na ukikosea mpangilio wa mtandao ndani ya Proxmox, unajifungia nje ya mashine ambayo ndiyo ingekupa njia ya kurudi. Lazima uende mwenyewe na kioo na kibodi.

Umeme. Kompyuta ndogo zilizotengenezwa kwa kazi hii hutumia wati 10 hadi 20, si mbaya. Kompyuta ya mezani ya mtumba inakula zaidi na inahitaji UPS ya kweli.

Ulinzi. Kwa wanaopenda kuona kinachopita, mpango huu una nguvu kuliko miwili ya kwanza: kumbukumbu ndefu za matukio (logi), uchunguzi wa trafiki, sheria za kina, na masasisho ya mara kwa mara yasiyotegemea kampuni ya ruta kuamua kwamba kifaa chako kimezeeka. Nguvu hiyo ina maana tu kama kuna mtu wa kuzisoma hizo kumbukumbu.

Matunzo. Ya fundi anayeipenda kazi hii. Kadi za Intel huleta shida chache kuliko za Realtek kwenye mifumo hii, kwa kuwa yote miwili imejengwa juu ya mfumo endeshi wa FreeBSD. Diski ikiachwa ipokee kumbukumbu hizo bila mpaka, siku moja itajaa, na ruta itaanza kufanya mambo ya ajabu.

Gharama. Programu ni bure. Dell OptiPlex au HP EliteDesk ya mtumba pamoja na kadi ya pili ya mtandao ni bei ambayo ofisi nyingi zinaimudu, na hapo unapata uwezo wa VPN na fayawoli unaozidi ruta nyingi za bei hiyo.

Inawafaa wenye laini ya kasi kubwa, matawi yanayounganishwa kwa VPN siku nzima, na fundi aliye karibu. Kwa ofisi inayomwita fundi mara mbili kwa mwaka, nasita.

## VPN, na kikwazo kinachokuja kabla yake

Watu hubishana VPN ikae wapi kabla ya kuuliza kama inawezekana. Laini nyingi za simu, na baadhi ya laini nyingine, hazimpi mteja anwani yake ya nje; kampuni inawachanganya wateja wengi nyuma ya anwani moja. Angalia anwani ambayo ruta yako inaonyesha upande wa intaneti, kisha ilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti ya kukuambia anwani yako. Zikitofautiana hata baada ya ruta ya kampuni kuwekwa katika hali ya daraja, au ile ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, au ikianza na 10, basi hakuna atakayeweza kuanzisha mawasiliano kutoka nje, iwe VPN iko kwenye ruta au kwenye seva. Ombeni anwani ya kudumu kutoka kwa kampuni, ambayo kwa kawaida hulipiwa, au tumieni huduma kama Tailscale au ZeroTier, zinazounganisha vifaa bila kuhitaji anwani hiyo, au kodini seva ndogo mtandaoni ambayo ofisi na wafanyakazi wote wataiunganikia.

Kizingiti hicho kikishavukwa, maoni yangu ni kuiweka VPN kwenye kifaa kilicho mlangoni pale ruta inapoweza. WireGuard, aina moja ya VPN, imo ndani ya Linux tangu toleo la 5.6 la Machi 2020, na RouterOS 7 ya MikroTik inayo. Ni nyepesi kiasi kwamba ruta ya wastani inaimudu, tofauti na OpenVPN, aina nyingine, inayoichosha. Sababu kubwa ni hii: seva ikizima usiku, VPN ya ruta inakuruhusu uingie na kuiamuru ruta iiamshe seva. VPN ikiwa kwenye seva iliyozima, huna mlango. Sababu ya kuipeleka kwenye seva ipo vilevile, na ni nzito kwa ofisi kubwa kidogo: watumiaji wanaingia kwa nywila ile ile ya domeni, na anayeacha kazi anafungiwa na VPN kwa pamoja.

Chagueni pia namba za ndani zisizo za kawaida, kama 192.168.47. Ruta nyingi za nyumbani hutumia 192.168.0 au 192.168.1, na mfanyakazi ambaye nyumbani kwake namba ni zile zile za ofisini ataunganika na VPN bila kuiona seva.

## Ofisi yako ikoje?

Mko saba, mna programu ya uhasibu kwenye kompyuta moja, na fundi ni kijana wa jirani anayekuja akipigiwa simu. Mpango wa kwanza, na fedha iliyobaki itumike kwenye diski mbili za nakala rudufu, moja ikikaa nje ya jengo.

Mko ishirini, watu huajiriwa na kuondoka, na folda nyingine hazitakiwi kuonwa na kila mtu. Mpango wa pili, VPN kwenye ruta kwa kuanzia, na mkataba wa maandishi na mtu wa kutunza domeni. Msipompata mtu huyo, bakini kwenye wa kwanza hadi apatikane.

Ni zahanati au ofisi ya wakili, hata kama mko sita. Wa pili una haki ya kufikiriwa kwa sababu ya usimamizi wa nani anaona nini, lakini seva ya mafaili yenye akaunti za kila mtu, ikikaa ndani ya mpango wa kwanza, nayo inaweza kutosha bila domeni.

Mna matawi mawili au matatu, faiba ya kasi, na fundi wa kwenu. Wa tatu, ruta ikiwa kwenye kompyuta yake peke yake. Sanduku moja la vyote liwe la maabara au la ofisi inayoweza kusimama nusu siku bila kupoteza mteja.

Umeme unakatika karibu kila siku na hamna jenereta wala sola. Chochote mtakachochagua, DHCP na DNS zikae kwenye kifaa chenye wati chache. Kama domeni inawalazimisha DNS ya seva, nunueni kompyuta ndogo kwa ajili hiyo badala ya mnara wa zamani.

Mnataka tu kuzuia matangazo na tovuti fulani ili kuokoa kifurushi. Pi-hole, programu ya kuzuia matangazo, kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, inaichukua DNS na kuacha mengine kwa ruta. Raspberry Pi 4 haina saa inayokumbuka wakati umeme ukikatika, kwa hiyo irekebishiwe saa na ruta kwa kutumia anwani ya namba, si jina, maana DNS yenyewe ndiyo inayosubiri kuamka.

Na kama tayari mko kwenye mpango mmoja na mnahamia mwingine, wiki moja kabla punguzeni muda wa anwani kutoka siku 8 hadi saa moja kwenye kifaa cha zamani. Andikeni anwani zote za kudumu: printa, kamera, mashine ya mahudhurio, seva yenyewe. Siku ya kuhama, Jumamosi mchana, zimeni DHCP ya zamani kwanza ndipo muwashe mpya, kisha ijaribuni kwa simu ambayo haijawahi kuingia kwenye mtandao huo. Ikipata anwani, ikafungua tovuti, na kompyuta nyingine ikaifikia seva kwa jina lake, washeni printa na kuchapa ukurasa mmoja kabla ya kufunga ofisi.